Jani Lililokulia Kivulini

Kemi,

Nakuandikia kutoka Hamugembe, hapa Bukoba, kwenye kile chumba changu ulichosema kina harufu ya chaki ingawa sijashika chaki muda mrefu. Nimefunga dirisha kwa sababu jirani anachoma taka kwenye migomba yake na moshi wote unakuja kwangu. Barua za aina hii sizijui. Ninachojua ni ripoti, na kwa hilo ulinicheka vya kutosha: "Koku, wewe hata ukiolewa utamwandikia mumeo muhtasari na mapendekezo." Basi vumilia. Nitaanza na yaliyobadilika, kisha nitafika kwenye jambo lenyewe.

Umekufa. Nimeandika hivyo kwa makusudi. Watu hapa wanasema umetutoka, umelala, umetangulia, nami nabaki kujiuliza umetangulia wapi, wewe ambaye hukuwahi kufika mahali popote mapema. Ile homa uliyoiita uchovu haikuwa uchovu. Nilipofika hospitali muuguzi aliniambia nikae kwanza kwenye benchi, na alivyosema "kwanza" nikajua. Nikakaa. Sikulia siku ile, wala siku ya mazishi, na shangazi zako walilijadili jambo hilo kwa Kihaya pembeni yangu wakidhani mimi mtoto wa mjini sisikii. Nilisikia vizuri tu. Walisema nina moyo mkavu.

Walikuzika nyumbani Kagoma, kule Muleba, kwenye kibanja chenu cha migomba na kahawa, kando ya baba yako. Vijana walipoanza kuchimba walikuta mizizi ya ule mtoma mkubwa, mti wenu wa kivuli, imejaa pale pote, jembe haliingii. Ta Rwiza, baba yako mdogo, akazunguka mti mara kadhaa, akasema ukatwe. Wakaukata asubuhi, na mchana mchungaji wenu akahubiri mpaka nikawaza kwamba sisi Wakatoliki tungekuwa tumeshamaliza na tunakula. Nilisimama nyuma. Mahali palipokuwa na kivuli kizito tangu nianze kuja kwenu, sasa jua lilikuwa linafika hadi chini, na mibuni mitatu ya mama yako, iliyokulia chini ya mtoma ule tangu ikiwa miche, ilikuwa juani kwa mara ya kwanza. Niliangalia majani yake. Ndiyo, kwenye mazishi yako mimi nilikuwa naangalia majani. Wewe kwenye mazishi yangu ungeangalia pia, tena ungechuma.

Mama yako aliniuliza majuzi sisi wawili tulikuwa tunafanya nini hasa, miaka yote ile ya kushinda na kompyuta. Nikagundua sijawahi kulieleza kwa maneno machache. Nilimweleza hivi. Kemi alitaka kujua kama mwanafunzi wa Muleba asiye na maabara anaweza kujifunza biolojia kwa masomo anayotumiwa kwenye simu. Akachagua somo moja, jinsi jani linavyojirekebisha kulingana na mwanga. Akaenda pwani kupiga picha za mikoko, ile miti inayoota kwenye maji ya chumvi. Akarekodi masomo kwa sauti yake. Mimi nikawa napima: nani ameelewa, nani hajaelewa, na kwa nini. Mama yako akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mikoko ya nini, na huku hakuna chumvi?"

Nikamwambia hata mimi nilikuuliza hivyo. Ndio ugomvi wetu wa pekee, ukiacha ule wa sufuria. Nilisema tumia kahawa, kila mtoto ana kahawa nyuma ya nyumba, ana majani ya juani na ya kivulini hapohapo. Wewe ukasema, "Kitu ulichokizoea hukiangalii tena. Mpe mtu jani asilolijua, ataliangalia." Nikakuletea majibu ya zoezi la kwanza. Yule kijana wa kisiwani Goziba alikuwa ameandika kwamba mikoko ikiletwa ziwani itanenepa, kwa sababu maji yetu ni matamu. Mwingine akaandika kuwa majani ya juani ni madogo kwa sababu kina mama wanayachuma kuwashia moto kabla hayajakua. Nilidhani nimeshinda. Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini, ukasema, "Unaona? Wameangalia."

Ile safari ya pwani naikumbuka zaidi ya ninavyotaka. Ulizama kwenye tope hadi magotini, ndala moja ikabaki humo mpaka leo, na mama mmoja aliyekuwa anaokota kaa alisimama kukutazama kwa huruma. Wewe ulikuwa umeshika jani juu ya kichwa ili lisichafuke. Lilitoka kwenye mti wa mbele kabisa, unaopigwa na jua kutwa. Dogo, nene, gumu, limesimama wima kama linakwepa jua la mchana. Ukaliweka kando ya jani la mti wa ndani, jani pana na laini, la kijani kilichoiva, limelala bapa kupokea mwanga kidogo unaopenya. Ukaniambia nipige picha haraka. Nilipiga, na kwenye picha ile kidole gumba chako kinaonekana, kina tope. Wanafunzi wote wa Muleba wanakijua kidole chako.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ulikufa tukiwa tumeshatuma somo la kwanza. La pili lilikuwa tayari kwenye kompyuta yangu, na siku yake ilipofika nikalituma. Sikufikiri. Ratiba ilisema leo, nikatuma leo. Kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani, na kundi la pili, lile la kusoma maandishi bila sauti, lilikuwa linasubiri kulinganishwa nao. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lako lilikuwepo, kwenye simu ya kila mwanafunzi.

Siku hiyo mama yako alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Binti wa jirani, mwanafunzi wako, akafungua somo akiwa amekaa upande wa pili wa ua. Mama yako akasikia: "Habari za leo wanafunzi wangu, mwalimu wenu nipo." Walivyonisimulia, aliinuka na kisu mkononi, akaita jina lako, akaenda mpaka uani. Akamkuta binti na simu. Akarudi akakaa, na ndizi hazikumenywa tena siku hiyo.

Ta Rwiza akanipigia. Hakufoka, unamjua. Alinisalimia, akaniuliza habari za wazazi wangu na za Hamugembe, ndipo akasema, "Mwalimu, hapa nyumbani matanga hayajaondoka. Upande ule alikolala mtoto wetu jembe halijagusa udongo. Sisi wenye mikono tumekaa. Iweje marehemu ndiye afanye kazi?"

Nikamwambia nitakuja. Njia nzima ya kwenda Muleba nilikuwa napanga hoja. Kwamba hufanyi kazi, ni rekodi. Kwamba watoto wana mtihani. Nilipofika mama yako akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo, akakaa karibu yangu, na hoja zote zikanikwama pamoja na punje. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika.

"Hatukatazi masomo," Ta Rwiza alisema. "Tunasema apumzike kwanza. Siku jembe likigusa udongo, sote tunarudi kazini, naye atarudi."

"Na hiyo sauti sasa iko wapi?" mama yako akauliza.

Nikamwonyesha simu yangu. Akaitazama bila kuigusa. "Usiifute," akasema. Nikaahidi sitaifuta, na nikaahidi sitaituma wala kuifungua mpaka siku hiyo. Kumbuka mimi ndiye niliyekuwa nakuambia kila siku kwamba utafiti hauna huruma.

Msimamizi wetu wa chuo alisema jambo la busara kabisa. Alisema tutafute mwalimu mwingine arekodi upya masomo yale, tuendelee, la sivyo data zitaharibika. Nikamjibu nitafikiria. Sikufikiria hata dakika moja. Nilikuwa najua kwamba sauti nyingine ikiingia pale, yako inakwenda kwenye faili ambalo hakuna mtu atakayelifungua, na ndio mwisho wako wa pili. Hicho ndicho nilichokuwa nakigombania, Kemi, wala sikumwambia mtu. Si shahada, si makala. Nilitaka uendelee kufundisha.

Tatizo ni kwamba matanga yenyewe hayakuondoka. Kaka yako Deo, ambaye ndiye mrithi na ndiye wa kulipiga hilo jembe, alikuwa Goziba na dagaa wake. Leo injini mbovu, kesho ziwa limechafuka, keshokutwa amepata mzigo. Wiki zikapita. Wanafunzi wakaanza kuandika kwenye kundi. Mwalimu, somo la tatu liko wapi? Mwalimu, tumemaliza zoezi. Na siku moja yuleyule kijana wa Goziba, yule wa mikoko ya kunenepa, akaandika: "Mwalimu Kemi ameishiwa bando?"

Hakuwa anajua. Kisiwani habari zinafika kwa mtumbwi, na sauti yako ilimfikia baada ya kifo chako, sasa angejuaje? Nikaandika: "Mwalimu Kemi amefariki. Mwalimu Koku." Nikatuma. Kisha nikasugua jiko la mkaa ambalo halikuwa chafu. Nakukumbuka mpaka nakasirika. Nakasirikia jiko, nakasirikia ratiba, nakasirikia watu wanaocheka barabarani.

Wakati huo mibuni ikaanza kuungua. Binti wa jirani alinitumia picha: majani yana mabaka ya kahawia katikati, mengine yamejikunja, mengine yako chini. Watu wa pale walishapata maelezo yao. Kahawa imemfuata mwenyewe. Ta Rwiza akasema siku ya kuondoa matanga ing'olewe, kwa sababu mti unaomlilia marehemu hauachwi kibanjani, utavuta wengine. Nikaenda kuangalia. Mama yako alikuwa amesimama kati ya ile mibuni mitatu, anaokota majani yaliyoanguka moja moja kama mtu anayefagia kwa mkono. Ile kahawa aliipanda mwaka uliozaliwa. Hilo sikuwa nalijua, aliniambia palepale.

Nilivuta tawi. Kwenye ncha kulikuwa na vijani vipya, vidogo, vigumu, vina rangi iliyopauka kidogo. Nikamwambia, "Mama, usikubali ing'olewe. Majani haya ni ya kivulini, mtoma umekatwa, jua limeyapiga. Yataanguka yote. Lakini mti unatoa mengine ya juani. Ona."

Akaona, lakini hakuamini. "Unasema hivyo kwa kunionea huruma, mwanangu," akasema. "Kemi angeniambia, ningeamini. Yeye hakuwahi kunidanganya hata kwa wema."

Ulikuwa umeshalisema, Kemi. Lilikuwa kwenye somo la tatu, ndani ya mkoba niliobeba begani, na nilikuwa nimeahidi kutolifungua. Ningeweza kulifungua palepale. Nani angejua? Mama yako angejua. Nikafunga zipu ya mkoba, nikarudi Bukoba.

Deo alifika hatimaye, ananuka dagaa na amechoka, na siku ikapangwa. Nilikuja mapema. Watu walikuwa wengi, ndizi zilikuwa zinachemka, na karibu na mibuni kulikuwa na majembe mawili na shoka. Majani ya zamani yalikuwa yamebaki machache sana. Mtu asiyejua angeona kuni tu.

Deo akapewa jembe kwanza. Akalipiga chini upande wa kaburi, udongo ukageuka, kina mama wakasema asante Mungu, na Ta Rwiza akatangaza kwamba kazi imeruhusiwa. Kijana mmoja akaelekea kwenye mibuni na shoka. Hapo mimi, ambaye sijawahi kuongea mbele ya watu wa ukoo wenu zaidi ya salamu, nikasema kwa heshima ya Kihaya, "Ta Rwiza, waitu, naomba neno."

Wakageuka wote. Nikasema, "Ulisema siku jembe likigusa udongo sote tunarudi kazini, na Kemi naye. Jembe limegusa. Ana neno kuhusu miti hii. Naomba asikilizwe kabla haijang'olewa."

Shangazi mmoja akasema huyu msichana ana nini. Ta Rwiza alinitazama, akatazama jembe mkononi mwa Deo, akafikiri. Wewe unajua alivyo, akishatoa neno halirudishi. Akamwambia yule kijana, "Weka shoka chini." Kisha akamgeukia mama yako. "Shemeji, ni wewe wa kusema."

Mama yako akaketi kwenye gogo la mtoma. "Afanye kazi," akasema.

Nikaweka simu kwenye gogo, kando yake. Nikafungua somo la kwanza badala ya la tatu, nikafunga, nikafungua tena. Na sikuwa nimeisikia sauti yako tangu ufe. Nimepima kila kitu chako, nimehesabu majibu ya wanafunzi wako, nimepanga majedwali, lakini kusikiliza sikuwahi. Ilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia. Watu wakasogea nyuma. Ulisalimia. Ukasema leo tutaangalia mahali ambapo wakata nguzo walikata mikoko mikubwa, na midogo iliyokuwa chini yake ikabaki juani ghafla. Ukaonyesha jani. Kidole gumba kikaonekana. Ukasema jani hili lilitengenezwa kwa ajili ya kivuli, ni pana, ni laini, na sasa limeungua katikati.

Ulikuwa na tabia moja ya ubishi. Ukiuliza swali kwenye rekodi, unanyamaza, unangoja, kana kwamba mwanafunzi yuko mbele yako na ana haki ya kufikiri. Mimi nilitaka kukata ule ukimya kila mara, nikisema unakula bando la watoto wa watu bure. Ulikataa katakata.

Ukauliza, "Sasa niambie. Jani hili litapona?"

Ukanyamaza.

Nilisikia maji yakichemka kule jikoni. Mama yako alikuwa ameinama juu ya simu, mikono yake imeshikana, na akajibu, taratibu, kama mtu anayejibu mtoto wake: "Halitapona, mwanangu."

Nawe ukasema, "Vizuri sana. Sasa tuangalie mti."

Mama yako akainua uso akaitazama mibuni. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikalia, mbele ya ukoo wako wote, kwa sauti, na hakuna aliyeninyamazisha. Ta Rwiza alikwenda kwenye mbuni wa kwanza, akavuta tawi, akaangalia ncha yake kwa muda mrefu. Kisha akabeba shoka mwenyewe akalirudisha nyumbani.

Nilituma somo la tatu kwa wanafunzi jioni ileile. Data zina pengo, na msimamizi amenitaka nilieleze pengo hilo kwenye ripoti. Nimeandika kwamba mwalimu alikuwa matangani. Ameniuliza mwalimu yupi, mimi au wewe. Sijamjibu bado.

Sasa pumzika, Kemi, au fanya kazi, upendavyo. Masomo ya mikoko yatabaki kwa sauti yako, hayataguswa na mtu. Somo la nne litakuwa la kahawa, la mibuni ile mitatu, na nitalirekodi mimi, kwa sauti yangu hii mbaya. Nitauliza maswali yangu, kisha nitanyamaza muda wote ambao ungenyamaza wewe. Mama yako ameomba awe wa kwanza kusikiliza.

Koku